Kweli au si kweli: Enoch Sontonga, mwalimu aliyetunga wimbo tunaouimba mstarini

Katika shule za msingi za Mtua, kama ilivyo kote Nachingwea na Ruangwa, huku kwetu kusini mwa Tanzania, siku ya masomo huanzia mstarini. Mwalimu wa zamu anasimama mbele, bendera inapandishwa, na kiranja anaanzisha Wimbo wa Taifa, Mungu Ibariki Afrika. Mara nyingi huuanzia juu mno. Wakifika penye kiitikio wadogo wa darasa la kwanza wanapiga kelele kwa nguvu zote, na wavulana wa la saba ambao sauti zimeshavunjika wanashuka chini kutafuta besi. Beti mbili zinakwisha, matangazo yanatolewa, watoto wanaingia madarasani.

Mtoto ataimba hivyo miaka yote ya shule. Ukimuuliza nani aliutunga wimbo huo, atanyamaza. Ukimuuliza babake, jibu utalipata, ila huenda lisiwe sahihi. Kwenye vijiwe, kwenye mazoezi ya kwaya na hata ofisini kwa walimu yamezoeleka maelezo kadhaa kuhusu mtunzi huyo, mengine ya kweli, mengine nusu kweli, mengine hayana msingi kabisa. Naona ni haki yake tuyachambue, kwa sababu mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule na mwalimu wa kwaya, na wimbo aliutungia wanafunzi wake. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga.

"Wimbo wa Taifa aliutunga Mwalimu Nyerere."

Si kweli. Nafahamu dhana hii inatoka wapi. Nyerere alikuwa mtu wa kalamu. Aliandika mashairi, akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, na alikuwa mbele kabisa Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ni rahisi kumtwika kila kitu kizuri cha mwaka ule.

Lakini melodi ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897, miaka 25 kabla Nyerere hajazaliwa, na ilitungwa karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Tanganyika iliichukua ikiwa imeshazunguka sana. Maneno ya Kiswahili nayo hayakutoka kwa mtu mmoja; ni kazi ya pamoja. Ubeti wa pili ulitaja Tanganyika, na baada ya Muungano wa 1964 jina hilo likapisha Tanzania. Kwa hiyo anayetaka kumtaja mtunzi mmoja wa wimbo mzima hatampata. Mtunzi wa melodi tunaye, na tunalijua jina lake.

"Sontonga alikuwa mwanasiasa, aliutunga kama wimbo wa mapambano."

Si kweli, na hapa nataka nikae kidogo, maana kosa hili linamfuta mtu halisi na kuweka sanamu mahali pake.

Sontonga alizaliwa mnamo 1873 Uitenhage, Rasi ya Mashariki, katika ukoo wa Mpinga wa Waxhosa. Alisomea ualimu katika Taasisi ya Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, nje kidogo ya Johannesburg. Fikiria mji ule wakati ule. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886, na watu weusi walikuwa wanamiminika kutoka vijijini kwenda kufanya kazi migodini na kuishi pembezoni mwa mji uliohitaji mikono yao bila kuwataka wao wenyewe. Watoto wa watu hao ndio waliokuwa wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wao wa darasa na wa kwaya, akihubiri kanisani na kupiga picha pembeni. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto wa kiume.

Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti wa kwanza na kiitikio, kwa ajili ya kwaya ya shule yake. Ni sala. Haimtaji mtawala yeyote, wala chama, wala mipaka ya nchi. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza katika ibada ya kumsimika Mchungaji Boweni, Mtsonga wa kwanza kuwa mchungaji wa Kimethodisti. Mahali pake pa kwanza palikuwa darasani na kanisani, na walioubeba kutoka hapo ni wanakwaya.

Siasa ilikuja baadaye, nayo ilipitia kwenye kwaya. Kwaya ya Ohlange, shule aliyoianzisha John Dube huko Natal, ilikuwa ikiuimba kwenye matamasha yake Johannesburg. Tarehe 8 Januari 1912, wajumbe walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kilikuja kuitwa ANC, wimbo ukaimbwa baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1925 chama kikaufanya rasmi wimbo wa kufungia mikutano. Kati ya hapo, Oktoba 1923, Sol Plaatje, aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, aliuimba London ukarekodiwa kwenye sahani ya santuri, Sylvia Colenso akipiga piano.

Sontonga hakuyaona hata moja kati ya hayo. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. ANC ilianzishwa yeye akiwa kaburini karibu miaka saba.

"Alikuwa na kipaji tu, muziki hakusoma."

Si kweli. Hii ni heshima ya uongo ambayo watunzi wetu wengi hupewa: wanasifiwa kipaji ili kazi yao isionekane. Lovedale aliyosoma Sontonga ilikuwa na desturi ya utunzi. John Knox Bokwe, aliyezaliwa 1855, alikuwa ameshachapisha tenzi zake za Kixhosa za Lovedale mwaka 1885, na ndiye aliyeandika nota za utenzi mkuu wa Ntsikana, nabii wa Kixhosa aliyefariki 1821, ambao mpaka wakati huo ulikuwa ukipokezanwa kwa mdomo tu. Kijana aliyepita mikononi mwa walimu wa namna hiyo alijua anachokifanya aliposhika kalamu.

Sontonga aliandika kwa solfa, na hapa mwanakwaya yeyote wa Mnero au wa Ruangwa mjini atamwelewa bila mkalimani. Ukilifungua daftari la mwalimu wa kwaya anayetumia solfa utakuta safu nne za herufi: d, r, m, f, s, l, t, moja ya soprano, moja ya alto, moja ya tena, moja ya besi. Koloni hutenganisha mapigo, mstari wa wima huanzisha kipimo kipya, na kialama kidogo juu au chini ya herufi huonyesha kama noti imepanda au imeshuka. Juu kabisa huandikwa do iko wapi. Ya Sontonga ilikuwa B flati. Njia hii ilienezwa Uingereza na John Curwen ili watu wasio na piano waweze kuimba sauti nne, na wamisionari wakaileta Afrika. Haihitaji kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Kalamu, daftari na mtu mmoja mwenye sikio zuri vinatosha. Ndiyo maana wimbo wake uliweza kutoka kwaya moja hadi nyingine kwa kunakiliwa tu.

"Melodi aliiiba kwa Wazungu."

Hapa pana ukweli nusu. Wapo wanaouona wimbo huu unafanana na Aberystwyth, melodi ya tenzi aliyoitunga Joseph Parry wa Wales na kuchapishwa mwaka 1879. Inawezekana kabisa mwalimu wa shule ya Kimethodisti aliwahi kuisikia. Tenzi za namna hiyo zilijaa kanisani. Lakini Aberystwyth iko katika ngazi ya huzuni, ile wanayoiita maina, na wimbo wa Sontonga uko katika meja. Ukiimba zote mbili mfululizo utasikia mwenyewe zinavyokwenda njia tofauti.

Kilichotoka Ulaya bila ubishi ni mpangilio wa sauti nne na kodi zake za msingi. Kilichotoka kwa Sontonga na watu wake ni vifungu vifupi vinavyojirudia, sauti zote zikitembea pamoja, kwa namna ambayo kundi kubwa la watu wasio na nota linaweza kuushika wimbo kwa kuusikia mara mbili tatu. Huo ndio muziki wa makwaya wa kusini mwa Afrika, na Sontonga ni mmoja wa waliouweka msingi. Kuutumia muziki wa misheni na kuugeuza kuwa wako ni kazi ya utunzi. Huku kwetu kusini Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alilifikiria jambo hilohilo kwa kina, akaandika kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu kilichotoka 1963, akitetea haki ya Mwafrika kumwimbia Mungu kwa muziki wake. Sontonga alikuwa ameanza kulijibu swali hilo darasani zaidi ya miaka 60 kabla.

"Alitunga wimbo huo mmoja tu."

Si kweli, na ukweli wenyewe unauma. Sontonga alitunga nyimbo nyingi kwa ajili ya wanafunzi wake, nyingi zikiwa za huzuni juu ya maisha ya watu weusi wa Johannesburg. Aliziandika kwenye daftari la shule. Alipofariki, waimbaji walikuwa wakienda kwa mjane wake, Diana, kuziazima. Daftari likaazimwa huku na kule, hata ndani ya familia, mwisho likapotea. Kazi ya maisha ya mtunzi ilikuwa kwenye nakala moja, na nakala hiyo haikurudi.

Namlinganisha na mtunzi mwingine wa sala, wa mbali kabisa. Kusini mwa India, katika muziki wanaouita wa Karnatiki, hakuna jina linaloheshimiwa kuliko la Tyagaraja, aliyezaliwa 1767 Tiruvarur na kufariki 1847 Thiruvaiyaru, kando ya mto Kaveri. Naye alitunga nyimbo za ibada, kwa Kitelugu, nyingi zikielekezwa kwa Rama, na aliukataa mwaliko wa kwenda kuimba kwa mfalme wa Tanjore. Naye hakuacha kitabu kilichochapishwa. Ila alikuwa na wanafunzi walioishi naye, wakazishika nyimbo kichwani, wakaziandika, wakazifundisha wengine. Leo zimebaki kama 700. Kila mwaka wanamuziki hukusanyika Thiruvaiyaru penye kumbukumbu yake na kuimba kwa pamoja nyimbo zake tano kubwa.

Sontonga alikuwa na wanafunzi pia, lakini walikuwa watoto wa shule katika mji wa migodi, ambako familia zilihama na kuhamishwa, na mwalimu wao alikufa kijana. Hakupata kizazi cha wanafunzi watu wazima wa kumnakili. Wimbo mmoja ulinusurika kwa sababu kwaya nyingi zilikuwa zimeshaupata. Mwalimu wa kwaya anayesoma haya akiwa na daftari lake la pekee, limechakaa, lina nyimbo alizozitunga mwenyewe, ajue kwamba namfikiria yeye ninapoandika hivi. Nakili zako, ndugu yangu. Mpe mwenzako wa parokia ya pili au usharika wa jirani. Hata simu ya kupiga picha inatosha.

"Maneno ya Kiswahili ni tafsiri ya maneno yake."

Kwa sehemu ndogo tu. Wazo la kumwomba Mungu aibariki Afrika ni la Sontonga, na kujiita watoto wa Afrika kunatokana na yeye aliyewaita waimbaji familia ya Afrika. Baada ya hapo njia zinaachana. Yeye aliomba pembe ya Afrika iinuliwe, picha ya nguvu na heshima ambayo msomaji wa Biblia ataikumbuka katika sala ya Hana. Sisi tunaomba hekima, umoja na amani, na tunawaombea viongozi. Kiitikio chake kinamwita Roho Mtakatifu ashuke. Chetu hakina hilo, na nchi yenye Waislamu na Wakristo wanaosimama mstari mmoja ilifanya jambo la busara kuchagua sala ambayo wote wanaweza kuitikia.

Hata Kixhosa chenyewe hakikuishia kwa Sontonga. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, na mwaka 1942 Moses Mphahlele akatoa toleo la Kisesotho. Anayeimba beti zote na kusema "haya ni maneno ya Sontonga" anamnyima Mqhayi haki yake.

"Wimbo uliletwa na wapigania uhuru waliokaa Nachingwea."

Si kweli, ingawa hili nalipenda kuliko mengine yote kwa sababu lina mapenzi na nyumbani. Ni kweli Nachingwea ilibeba mzigo mkubwa. Katika ardhi hii ambayo Waingereza walijaribu mradi wao wa karanga kuanzia 1947 na kushindwa, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuja kuweka kambi yao kuu ya mafunzo, eneo ambalo watu bado wanaliita Farm Seventeen. Kiongozi wao Samora Machel aliishi na kufundisha hapa, na kutoka huku Mei 1975 alivuka Ruvuma kuianza safari ya kwenda Maputo, mwezi mmoja kabla ya uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni.

Lakini hesabu ya miaka haikubali. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam Juni 1962. Tanganyika ilikuwa imeshauimba Mungu Ibariki Afrika tangu Desemba 1961. Wapiganaji walipofika Nachingwea waliwakuta watoto wa shule wakiuimba. Msumbiji yenyewe haikuchukua melodi hiyo. Ilipopata uhuru iliimba wimbo wa Justino Chemane wa kuisifu FRELIMO, na tangu 2002 ina wimbo mwingine. Waliokuwa na wimbo mmoja nasi ni Waafrika Kusini wa ANC, waliokaa Kongwa na baadaye Mazimbu, Morogoro. Wao walifungia mikutano yao kwa melodi ambayo majirani zao Watanzania walikuwa wakifungulia siku ya shule.

"Ni wimbo wa nchi yetu peke yetu."

Si kweli. Zambia iliichukua melodi mwaka 1964 na kuiwekea maneno mengine kabisa. Zimbabwe iliutumia wimbo huu kwa Kishona na Kindebele tangu 1980 hadi 1994, na Namibia kwa muda mfupi baada ya uhuru wa 1990. Hata Transkei na Ciskei, zile nchi bandia za makaburu, ziliufanya wimbo wao, na hilo lilikuwa tusi kwa kila aliyefungwa kwa ajili ya kuuimba kwa maana yake. Afrika Kusini yenyewe iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1994, ukiwa bega kwa bega na ule wa zamani wa makaburu, na mwaka 1997 ikaviunganisha vipande vya nyimbo hizo mbili kuwa wimbo mmoja wa lugha tano. Kwa hiyo Mtanzania anayeangalia mechi ya Bafana Bafana anaweza kuimba mwanzo bila shida, kisha katikati melodi inageuka na ufunguo unabadilika, na hapo atabaki kusikiliza.

"Kaburi lake halijulikani."

Ilikuwa kweli kwa miaka mingi. Aliyetunga wimbo ulioimbwa na mamilioni alizikwa katika sehemu ya Wakristo weusi ya makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, bila alama ya kumtambulisha. Watafiti walipolitafuta kaburi katika miaka ya 1990 walipekua daftari za makaburi wakitafuta jina la Sontonga, hawakuliona. Aliandikwa chini ya herufi E: karani wa mwaka 1905 alikuwa amemwandika kwa jina la kwanza tu, Enoch, kama ilivyokuwa kawaida kuwaandika watu weusi. Ukoo wake haukuonekana unastahili wino.

Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi ya Afrika Kusini, kaburi lilitangazwa kuwa urithi wa taifa. Rais Nelson Mandela alifika mwenyewe kuzindua mnara wa ukumbusho, na Sontonga akatunukiwa nishani ya taifa ya utumishi uliotukuka, daraja la dhahabu, miaka 91 baada ya kifo chake.